Hatua Kumi na Moja

"Mjomba, mbona ukitembea unahesabu?"

Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, macho yake hayapitwi na kitu. Tulikuwa tunatoka kununua mkate. Nikamwambia nasoma dua.

Kibokoni, Mombasa, 1996, nina miaka tisa. Ami alinikuta nimejifunga leso ya mama, najifanya bibi harusi. Hakunipiga. Hili nalisema kila mara, sijui namtetea nani. Alinisimamisha mlangoni, akataka nitembee kiume mpaka kwenye mtungi uani. Nikatembea. "Rudia." Bega linacheza. "Rudia." Mkono umelegea. "Rudia." Hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, nilianza kuzihesabu ili nisimsikie. Nyanya yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, katupa mgongo. Kru, kru, kru. Nyama ikaisha, yeye bado yumo tu. Sauti ikageuka, meno ya mbuzi sasa yanakwaruza kifuu, na unga wa kahawia unaangukia nazi nyeupe kwenye sinia. Hakuinua uso. Wali wa mchana ule ulikuwa na vipunje vya kahawia. Tukaula sote, Ami naye, na hakuna aliyeuliza.

Mengine yakafuata: Nairobi, kukesha, vidonge. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Miaka sita nzima kabla ya mtungi! Habari hiyo nadhani ilikwama kwenye foleni ya feri, Likoni. Na usiku wa tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilipoviacha vilivyo vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyoharamisha ushoga, nilipima sebule kwa miguu hadi adhana ya alfajiri.

Ndipo nikaenda kwa mshauri nasaha. Akanipa fomu ya maswali ya utotoni. Ulipigwa? Hapana. Ulilala njaa? Hapana. Hapana mpaka chini. Kwa fomu ile nilikuwa mzima kama kigongo. Akaniuliza taratibu mbona nimeshainuka mara tatu kwenda dirishani.

Nyanya ameshatangulia. Kile kifuu kilikuwa hasira, au woga, au mawazo yake yalikuwa kwingine kabisa? Sikuwahi kumuuliza.

Mtoto naye akaanza kuhesabu hatua, kwa sauti, njia nzima, mkate kichwani. Saba anairuka kila mara. Sikumsahihisha.