Ukurasa wa bei wa yaya: sambaza, maharage na bendera

Yaya, ndugu yangu mkubwa, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, na maharage sokoni Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Namtengenezea ukurasa mmoja wa bei wa kufungua kwenye simu. Nataka kila bidhaa iwe na emoji yake, maana wamama kadhaa wanaonunua kwake hawajui kusoma.

Jumamosi. Kwenye simu yangu 🐟 alikaa vizuri. Nikafungua ukurasa kwenye kompyuta ya saiberi: pa samaki pameandikwa ðŸŸ. Nilihangaika karibu saa nzima nikidhani faili limeharibika. Kumbe emoji ni herufi, ina namba yake kama a au b katika Yunikodi, orodha ya herufi za dunia nzima. Samaki ni U+1F41F (kwa hesabu ya kumi na sita), na katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo kwenye faili, anakula baiti nne. Kivinjari kisipoambiwa kwamba ni UTF-8, kinaweza kusoma kila baiti kama herufi ya peke yake. Nimeweka <meta charset="utf-8"> juu kabisa, samaki akarudi. Anayetaka anaweza pia kuandika &#128031; ndiyo namba ile ile kwa hesabu ya kumi.

Jumatatu. Yaya kaangalia, kasema: «Huyu ni tilapia, si sambaza.» Kweli kabisa. Sambaza ni wadogo kama kidole, na hakuna anayenunua mmoja. Hapo uherufi wake ukanifaa: nikampunguza kwa font-size (ukubwa wa herufi) kama neno lolote, nikapanga watano, 🐟🐟🐟🐟🐟. Yaya akakubali.

Jumatano. Emoji ya maharage, 🫘, imeingia Yunikodi mwaka 2021 tu. Simu yangu inaionyesha. Ya yaya, ya zamani, inatoa kiboksi kitupu, na wateja wake wengi wana simu kama hiyo. Nimeitoa. Nimepiga picha gunia lake lenyewe, nikaibana mpaka kilobaiti 6, kwa sababu megabaiti tunanunua kwa kuhesabu.

Bendera yetu 🇨🇩 ni alama mbili, C na D, msimbo wa nchi yetu, zilizoshikana. Fonti ya Windows haina bendera za nchi, kwa hiyo saiberi inaonyesha CD. Nimeiacha hivyo.

Ijumaa. Nimewasha ile sauti inayowasomea wasioona. Simu yangu iko kwa Kifaransa, ikasema «poisson» mara tano mfululizo. Inachosha sikio. Nimewafunga wale watano ndani ya span moja, yaani fungu moja la HTML, yenye role="img" (wahesabiwe picha moja) na aria-label="sambaza" (jina la kusomwa). Sasa inasema sambaza, mara moja, halafu bei.