Siku moja Nungwi, Unguja: najifunza kuunda vyombo vya baharini

Saa 12 asubuhi. Nimeshaswali, nimekunywa chai ya rangi na boflo, sasa niko ufukweni. Mashua tunayoiunda imesimama juu ya magogo, mbavu nje. Kazi ya mwanagenzi huanza kabla ya fundi kufika: kufagia mavumbi ya mbao, kukusanya misumari iliyodondoka, kunoa tezo, vishoka vya kuchongea mbao. Tezo butu haiparazi ubao, inaumega. Nanoa kwa jiwe na maji, taratibu, mpaka makali yanate kwenye ukucha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Tezo zimeamka?"

Swali lake la kila asubuhi. Anazipitishia kidole gumba moja moja kabla ya kuvua kofia.

Saa 1. Leo tunatafuta mataruma, mbavu za mashua, kwa upande wa omo, yaani mbele. Hapa hakuna mchoro wa karatasi. Fundi anasimama mbali kidogo, anafumba jicho moja, anautazama mkuku, uti wa mgongo wa mashua, kutoka omo mpaka tezi kule nyuma, halafu anapinda waya mwembamba kwa kuufuatisha ubavu wa ndani. Na waya huo mkononi tunakwenda kwenye rundo la matawi ya mwembe na mtondoo, tunageuza moja baada ya jingine, tukitafuta lililopinda vilevile.

Mwanzoni sikuelewa kwa nini tusichukue gogo nyoofu tukalichonga mpindo. Jibu liko ndani ya mti. Tawi lililokua limepinda, nyuzi zake zinafuata mpindo huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichonga mpindo kwenye mti ulionyooka, nyuzi zinakatika njiani, na taruma litapasuka hapohapo siku bahari ikichafuka. Kwa hiyo fundi mzuri anaanza kuijua mashua mti ungali shambani. Nikipita njiani siku hizi natazama miembe ya watu, natafuta mataruma.

Saa 3. Mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, chap chap, turudi kazini.

Saa 3 na nusu. Keekee, kifaa cha kutobolea mbao kinachozungushwa kwa uta. Drili ya umeme ipo, na kazi ikibana tunaitumia, lakini fundi anataka mkono uanze na keekee: kushoto unabana kichwa, kulia unavuta na kusukuma uta. Nakubaliana naye kabisa. Kwa keekee unahisi ncha inapotoka kwenye ubao na kuingia kwenye taruma, na unahisi kama mti una fundo au umeoza ndani. Tundu lazima litangulie msumari, la sivyo ubao unapasuka. Kisha chini ya kichwa cha msumari tunazungusha pamba iliyolowa mafuta, ndipo tunapiga, maji yasipate njia ya kupenya.

Saa 7. Adhuhuri, chakula, kivuli cha mkungu. Wazee wanazungumzia mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari wa chuma, na tanga lake la mkeka. Mwaka 2003 ulijengwa mmoja upya, ukawekwa Beit-el-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe. Ninawasikiliza kwa wivu: ushonaji ule ulikuwa na mafundi wake, na kila fundi aliyeondoka bila kuacha mwanagenzi aliondoka na kitu.

Saa 9 na nusu. Kalafati, kuziba mianya ya mbao, kazi ninayoipenda kuliko zote. Nasokota pamba iwe kama uzi mnene, naichovya mafuta ya nazi, nailaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, naishindilia kwa chembeu, patasi ya kalafati, na nyundo. Fundi ameketi pembeni, amenipa mgongo. Hatazami, anasikiliza. Pamba ikiwa bado legelege, nyundo inatoa sauti nzito, iliyozibwa. Ikikaza, sauti inapanda na kuwa kali.

"Rudi nyuma kidogo," anasema, bado hajageuka. Narudi kiasi cha shibiri, napiga tena, na kweli, pale palikuwa pamebaki. Hili huwezi kujifunza kwa kutazama video. Inabidi sikio lako likae karibu na sikio la anayejua.

Saa 11. Mvuvi analeta habari kuwa ngalawa yake inavuja, anaomba fundi akaitazame kesho. Kila siku anakuja mmoja kama yeye. Watalii hupita wakapiga picha, na karibu sana, lakini kinachoushika ufundi huu ni mvuvi anayehitaji chombo cha kwendea baharini. Siku wavuvi wote watakapohamia boti za faiba, hata tukiimba sifa za jahazi usiku kucha, tezo zitashika kutu. Ndiyo maana naona vijana tuje sasa, kazi ikiwa bado ipo na mafundi wakiwa na nguvu ya kutukemea.

Saa 12 jioni. Naosha mikono kwa mchanga, mafuta hayatoki kwa sabuni pekee. Bamvua ya mwezi mpevu, maji yanapojaa sana, inakaribia, na mashua hii lazima ishuke na maji hayo. Ikikosa, tunasubiri mwezi mwandamo. Kesho namaliza kalafati upande wa kushoto, kisha tunapaka deheni chini, chokaa iliyochanganywa na mafuta, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Fundi ameshaniambia nije na nguo mbovu.