Siku moja maishani mwangu: kazini kwenye rola kosta ya kusimama, Georgia

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Naishi Clarkston, upande wa mashariki wa Atlanta, mji mdogo ambao Kiswahili utakisikia dukani na kwenye kituo cha basi, kwani Wakongo wengi wa hapa, pamoja na familia yetu, tulipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Kazi yangu iko Six Flags Over Georgia, bustani ya michezo iliyoko Austell, ng'ambo ya pili ya jiji. Nahudumia rola kosta, au kosta kwa kifupi, ile treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli. Tunapanda gari moja na wenzangu, mafuta tunachanga.

Saa moja na nusu asubuhi mafundi wameshafika zamani. Wanakagua reli, mnyororo, breki na magurudumu. Kila behewa linaishika reli kwa pande tatu, yaani magurudumu ya juu, ya ubavuni na ya chini, ndiyo maana halichomoki hata likipinduka. Kisha treni tupu zinazungushwa. Napenda kusimama pale chini nisikilize zikipanda. Ule mlio wa ka-ka-ka ni wa meno ya chuma yanayozuia treni isirudi nyuma hata mnyororo ukikatika, na mimi siku yangu haianzi mpaka niusikie.

Saa nne na nusu geti linafunguliwa. Kufika saa tano foleni imejaa.

Niwaeleze sasa kazi yenyewe. Kosta yetu, Georgia Scorcher, iliyofunguliwa mwaka 1999, hupandwa kwa kusimama. Treni ina mabehewa 7, kila behewa watu 4 bega kwa bega, jumla 28, na hakuna anayeketi. Kila mtu ana kiti chembamba mfano wa kile cha baiskeli, kinachopita katikati ya miguu, na kizuizi kinene cha kushuka mabegani. Mwanzoni kiti kiko huru, kinapanda na kushuka kufuata kimo cha mtu. Mwenzangu aliye kwenye mitambo akibonyeza, viti vinajifunga pale pale vilipo.

Kwa hiyo mimi naangalia miguu kabla ya nyuso. Leo asubuhi kijana mmoja wa raba nyeupe alikuwa anacheka na rafiki zake, visigino vimeinuka kidogo tu, huwezi kuona usipoinama. Kiti kikifungwa hivyo, akishusha visigino uzito wake wote unamwangukia mapajani, na atateseka safari nzima. Nikamwonyesha chini kwa kidole: nyayo zote sakafuni, simama wima. Akashusha visigino, kiti kikashuka naye. Navuta kizuizi, nasukuma, nahamia kwa anayefuata. Upande wangu ukiwa tayari nainua dole gumba, wa upande wa pili naye anainua, ndipo treni inaondoka.

Watu husema kosta za kusimama zinaumiza. Baadhi zinaumiza kweli, lakini naamini kabisa maumivu mengi huanzia hapa jukwaani, mtu anapofungwa vibaya. Aliyesimama sawasawa huipata raha ambayo aliyeketi haijui: treni inashuka kutoka mita 33 hivi, mwendo unafika kilomita 87 kwa saa, na unapoingia kwenye kitanzi, pale reli inapokuzungusha kichwa chini miguu juu, uzito wako unausikia kwenye nyayo na magotini.

Saa saba nakula wali na maharage niliyobeba. Mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa kosta, haishiwi habari za kosta za kusimama zilizokufa katika bustani nyingine. King Cobra ya Kings Island, Ohio, iliyoanza 1984, ilibomolewa. Mantis ya Cedar Point iliwekewa treni za kuketi, na tangu 2015 inaitwa Rougarou. Vortex ya kule Great America, California, nayo tangu 2017 ni ya kuketi. Na hao Bolliger na Mabillard, Waswisi waliotengeneza hii yetu, kosta yao ya kwanza kabisa, Iron Wolf ya 1990, ilikuwa ya kusimama! Inanisikitisha. Zilizobaki ni chache mno, nami naishughulikia yetu nikijua hivyo.

Saa tisa, mama mmoja kwenye foleni anamgombeza mwanawe kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Jambo mama. Samahani, huyu hajafika kimo. Hapa ni sentimita 137."

"Mwanangu, tumesimama wakati wote huu!"

"Pole sana mama. Viti hivi havitamshika vizuri, siwezi kumpandisha."

Mtoto machozi yanamlengalenga. Nawaelekeza Dahlonega Mine Train, kosta iliyozaliwa pamoja na bustani hii mwaka 1967. Mama ananishukuru, ingawa uso bado umekunjamana.

Saa kumi ngurumo. Kiangazi cha Georgia ndivyo kilivyo. Radi ikiwa karibu tunafunga, hakuna mjadala. Mvua ikiisha, treni tupu kwanza, kisha watu.

Saa mbili kasorobo usiku, treni ya mwisho. Safu ya mbele amesimama mzee mmoja aliyewahi kuipanda King Cobra. Yeye sikuwa na la kumwelekeza: nyayo chini, mgongo wima, kiti kikakaa mahali pake. Aliporudi akaniuliza kesho tunafungua saa ngapi. Nikamwambia saa nne na nusu, ila awahi, safu ya mbele ina foleni yake.