Begonia Tabora: hewa kavu haitibiwi kwa kumwagilia

Ninayoizungumzia ni begonia ya majani, Begonia rex, yenye rangi za fedha, zambarau na kijani, ambayo asili yake ni misitu yenye unyevu ya Assam, India. Tabora mjini inaishi vizuri tu. Miezi migumu ni Agosti hadi Oktoba, mvua bado na hewa imekauka mpaka midomo inapasuka.

Hapo ndipo nyingi zinapouawa, tena kwa huruma. Jani limekauka ukingoni, mtu anaongeza maji kwenye chungu, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Angalia vizuri kabla ya kushika kopo la maji. Ukingo wa kahawia, mkavu, unaovunjika ukiuminya, ni hewa. Kikonyo kikilegea na kugeuka laini karibu na shina, na udongo umelowa, hayo ni maji mengi.

Kwa hewa kavu, natandaza kokoto kwenye sinia pana, naweka maji, na vyungu vinakaa juu ya kokoto bila kitako kugusa maji. Vyungu vinne vitano navisogeza pamoja, kisha upande unaotoka upepo naning'iniza gunia la katani lililoloweshwa asubuhi. Majani siyanyunyizii: unyevu huo unaisha mara moja, na tone likilala juu ya jani usiku kucha linaweza kuacha doa la kuoza.

Kumwagilia, naingiza kidole hadi pingili ya kwanza, kama sentimita 2 au 3. Pakiwa pakavu, namwaga mpaka maji yatoke chini, na yanayobaki kwenye kisahani nayatupa. Juni na Julai, usiku wa baridi, mmea hupumzika na hata kudondosha majani. Maji napunguza, mbolea nasimamisha kabisa.

Udongo ndio unaohitaji umakini zaidi kwa mkoa wetu wa tumbaku. Usichote udongo wa shamba la tumbaku wala bustani ya nyanya, hata ukiuona mweusi na wa kuvutia. Minyoo fundo wanaoshambulia mazao hayo wanaipenda na begonia: mmea unadumaa, unanyauka mchana na udongo una unyevu, na ukiung'oa unakuta mizizi ina vinundu. Hakuna dawa ya kuuokoa ambayo ningekushauri uitumie nyumbani. Mimi nachanganya sehemu 2 za mboji ya majani ya mwembe yaliyooza mpaka hayatambuliki, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, na sehemu 1 ya chenga za mkaa zilizosafishwa vumbi na majivu, maana majivu yanaondoa tindikali kidogo ambayo begonia inaihitaji. Mchanganyiko naulowesha, naufunika kwenye sufuria kuukuu na kuupasha moto mdogo nusu saa, mvuke ufike katikati. Ukipoa, tayari.

Chungu kiwe kifupi, sentimita 12 kwenda chini zinatosha, chenye matundu. Shina nene linalotambaa liache juu ya udongo, ukilifukia linaoza. Pa kuweka ni baraza ya mashariki, jua la asubuhi tu, mbali na bati maana joto lake linababua. Mbolea ya NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10 za maji, kila wiki 3 wakati wa mvua, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Konzi ya mbolea ya tumbaku ya jirani inaunguza mizizi, usiikubali.

Mvua zinapoelekea kuisha huja ubwiri unga, vumbi jeupe juu ya majani. Kata majani yenye ugonjwa, achanisha vyungu hewa ipite.

Kuzalisha subiri Novemba. Chagua jani lililokomaa, likate vipande vya pembetatu, kila kimoja kiwe na mshipa mnene unaoishia kwenye ncha ya chini, ile iliyokuwa karibu na kikonyo. Chomeka ncha hiyo kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa mfuko angavu, weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4, vimche baada ya miezi miwili hivi. Usivihamishe kabla havijawa na majani matatu, na mfuko ufungue kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo vinanyauka siku hiyohiyo.