Blada ya gesi

Jana jioni fundi wa kuchomelea aliyepanga chini ya nyumba yetu alifungua mtungi wa asetilini kabla ya kuwasha moto, na ile harufu ikapanda mpaka jikoni. Binti yangu akauliza nani anakaanga kitunguu saumu. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Mikindani, mwaka 2009, maji yamekupwa, nimezama topeni hadi mapajani.

Swali la tasnifu lilikuwa hili: majitaka ya Mombasa yanayoteremka kwenye mikoko ya hori la Tudor, naitrojeni yake huishia wapi? Jibu la vitabuni nilikuwa nalo. Ndani ya tope hakuna oksijeni, kwa hiyo wapo bakteria wanaopumua naitreti badala yake, yaani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni. Huinyang'anya oksijeni kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka inabaki gesi tupu ya naitrojeni, ileile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, nayo hutoka topeni ikaenda zake. Sasa ipime! Hewa yote imejaa gesi hiyo hiyo. Ya bakteria utaitambuaje? Wataalamu walikuwa na ujanja. Ukiwapulizia bakteria asetilini, hatua ya mwisho inawashinda. Wanakwama kwenye naitrasi oksaidi, ambayo hewani ni haba mno, basi unaihesabu hiyo.

Asetilini ya maabara ilikwisha, oda haiji. Nikaenda kwa fundi mmoja Magongo na blada mpya ya mpira wa miguu. Akaijaza, akaniambia nisimkaribie mvuta sigara, akachukua mia yake. Kwenye matatu makanga akanifokea: "Pakata mpira wako, hiyo siti ni ya mtu." Nikaupakata. Nikiikumbuka safari ile leo, na dereva na kijiti chake cha sigara dirishani, mikono hunitoka jasho.

Basi nipo topeni, nasukuma kipande cha bomba la PVC, akatokea mzee mmoja mvuvi wa kaa, kulabu begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wachimba nini?"

"Bakteria."

"Ndio nini hao?"

"Vidudu, mzee, havionekani. Vinakula uchafu wa haya majitaka."

"Vikisha kula?"

"Unageuka hewa."

Akainua uso akatazama juu, kwenye majani ya mchu, kama anayetafuta huo uchafu umefika wapi. "Hewa," akasema. "Basi mbona hapa panuka?"

Kabla sijapata la kujibu alikuwa amechutama kwenye shimo la kaa. Akalipasua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepasua embe, akaniita nitazame. Ukuta wa ndani ulikuwa na rangi ya kutu, unene wake hauzidi ganda la yai. Nyuma ya ukuta huo tope lilikuwa jeusi kama masizi. Akabandua kipande cha ile kutu kwa ukucha, akanisogezea puani. Kilinuka udongo tu, udongo wa mvua ya kwanza. Kisha akanisogezea lile jeusi. Yai viza.

"Chukua hapa," akasema.

Nikamweleza kwamba utaratibu wangu unataka mahali tambarare pasipo na mashimo, ili sampuli zilingane.

Akacheka. "Kwa hivyo wapima nyumba, mlango wauacha."

Nami nikacheka, kwa adabu, nikahamia mahali tambarare.

Yaliyofuata ni ya haraka. Boksi la barafu, chupa zenye vizibo vya mpira, sindano, mashine, usiku mwingi. Namba zikatoka karibu na sifuri. Nikarudia, zikatoka karibu na sifuri. Nikaandika kwamba uondoaji wa naitrojeni katika eneo lile ni wa kiwango cha chini, wakanipitisha, na sentensi hiyo ipo maktabani hadi leo, imejaladiwa vizuri.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwafundisha wengine, ndipo nilipokaa nikalifikiria vizuri. Majitaka huja na amonia nyingi; naitreti ndani yake ni kidogo. Naitreti yenyewe hupikwa palepale, kutokana na hiyo amonia, na bakteria wengine wanaohitaji hewa, kwenye ngozi ya juu ya tope, milimita chache tu, kando ya mizizi, na kwenye kuta za mashimo ya kaa. Wapishi hao nao asetilini huwanyamazisha. Nilikuwa nimefunga jiko, halafu nikakaa kuhesabu sahani chafu. Mbinu ilikuwa na kasoro hiyo tangu zamani na ilikwisha andikwa. Mimi ndiye niliyeisoma nikaruka aya. Kama ningechota pale aliponionyesha mzee, sijui. Pengine asetilini ingeniharibia vilevile.

Niliwahi kurudi mara moja, bamvua la mwaka uliofuata, tasnifu ikiwa mkobani, bado sijajua kosa langu. Nilimkuta palepale.

"Ile hewa uliipata?"

"Kidogo sana, mzee."

"Kidogo," akasema, akaingiza kulabu shimoni.