Maharage na uniti za LUKU
Jamani, kwetu mkaa siku hizi ni wa kuchomea samaki tu. Maharage tumeyahamishia kwenye presha kuka ya umeme. Nimeangalia mita ya LUKU kabla na baada: maharage ya familia nzima, yaliyolowekwa usiku kucha, hayamalizi hata uniti moja. Mama mkwe alikuwa hataki kusikia, eti maharage ya umeme hayana ladha. Juzi kaomba aongezewe.

Chungu kimefungwa, mvuke hautoki, na kikishapata presha kinajizima na kujiwasha chenyewe. Linganisha na mkaa unaoendelea kuwaka wakati chakula kimeshaipuliwa. Ile ni miti ya Pwani na Morogoro inateketea bure, na inaniuma kweli.

Maganda ya viazi na ndizi nayafukia kwenye tuta la mchicha. Chupa za maji zinakaa kwenye kiroba mpaka kijana anayeokota apite. Tusimchanganyie na mabaki ya chakula, tafadhali, zikiwa safi anaziuza kwa urahisi.

Wenye presha kuka, makande mnayapika dakika ngapi? Nataka kuyajaribu Jumapili.