Samweli Alikimbilia kwa Eli

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae na 1 Samweli 3, pale Mungu anapomwita kijana Samweli usiku, naye akidhani anaitwa na kuhani Eli.

Mpishi aliyelizoea jiko lake huwa sebuleni akajua maharage yanakaribia kuungua. Maji yakiwa mengi, sufuria hutokota kwa sauti nzito. Yakipungua mlio huwa mwembamba, kisha mkavu, kama kitu kinachokaangwa. Mgeni aliyeketi naye anausikia mlio huohuo, ila haumwambii kitu, kwa kuwa hana kumbukumbu ya kuulinganisha nayo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Samweli. Aliisikia sauti vizuri kabisa, akaamka mara 3, na mara zote akakimbilia kwa Eli, yule aliyezoea kumtumikia. Mstari wa 7 unatoa sababu: alikuwa bado hajamjua Bwana. Eli, ambaye macho yake yalikwisha kufifia, ndiye aliyetambua ni nani anayeita. Hata yeye ilimchukua hadi mara ya 3.

Tusidhani kwamba kusikia mara nyingi kunatosha. Mwaka 1959 mtafiti Neville Moray aliwavalisha watu visikizio, akawataka wafuatilie maneno ya sikio moja tu. Katika sikio la pili maneno machache yalirudiwa hata mara 35, na baadaye hawakuyatambua. Lakini jina la mtu mwenyewe lilipotajwa katika sikio hilo lisilofuatiliwa, takriban theluthi yao walilinasa. Mariamu Magdalene naye, pale kaburini, alidhani anaongea na mtunza bustani mpaka Yesu alipomwita kwa jina (Yohana 20:16).

Basi wiki hii chukua Yohana 10:1-5, pale kondoo wanapoijua sauti ya mchungaji wao, mistari 5 tu. Isome kwa sauti, polepole, mara 2 asubuhi na mara 2 kabla ya kulala. Tumia tafsiri ileile siku zote, maana maneno yakibadilika kila siku kumbukumbu haipati pa kushika. Zima redio, simu iache chumba kingine. Wengi hukwama kwa sababu wanasoma kwa macho tu, au wanameza sura nzima Jumapili kisha wanakaa hadi Jumapili nyingine.

Siku ya 4 funga kitabu ujaribu kuisema. Unapokwama, fungua, usome mstari huo peke yake, uanze tena kutoka juu. Siku ya 7 iseme usiku taa ikiwa imezimwa, kisha nyamaza dakika 5.